Meza ya mzunguko ikigawa vibaya: soma umbo la kosa kabla hujashika spana

Gia ya meno 36 uliyoichonga kwa meza ya mzunguko (meza ya kugawa duara sehemu sawa kwa kuzungusha hendeli) ikitoka na jino la mwisho bovu, wengi hukimbilia kulaumu plei ya meza, ule mchezo mdogo kati ya sehemu zake. Wanafungua womu (skrubu inayozungushwa na hendeli na kulizungusha gurudumu la meno la meza), wanakaza, wanafunga, wanachonga gia nyingine, na jino bovu liko palepale. Plei haiwezi kutoa kosa la namna ile, hata ikiwa kubwa kiasi gani. Kila kasoro ya meza ya mzunguko huacha umbo lake kwenye kazi. Kuna kosa linalojitokeza mwishoni tu, kuna linalorudi kila meza ikimaliza mzunguko, kuna linalorudi kila hendeli ikimaliza mzunguko, na kuna lisilo na mpangilio wowote. Ukishalitambua umbo hilo, visababishi vingi vimeshajiondoa vyenyewe na spana bado iko kwenye droo.

Ninayoyaandika hapa yanamhusu mwenye karakana ndogo nyumbani: mashine ndogo ya milingi (ya kukata chuma kwa kisu kinachozunguka), meza ya inchi 4 au 6, na sahani za matundu zilizokuja nayo, zile ambazo pini ya hendeli huingia kwenye matundu yake kupima sehemu ya mzunguko. Nimepanga kwa dalili. Tafuta yako, lakini sehemu hii ya kwanza isome hata kama una haraka.

Kwanza ujue uwiano, na ujue kosa liko upande gani wa womu

Weka meza kwenye sifuri, zungusha hendeli mara moja kamili, kisha soma digrii kwenye ukingo wa meza. Ikisogea digrii 4, uwiano ni 90 kwa 1, yaani mizunguko 90 ya hendeli kwa mmoja wa meza. Digrii 5 ni 72 kwa 1, digrii 6 ni 60 kwa 1, na digrii 9 ni 40 kwa 1, ule uliozoeleka kwenye vichwa vya kugawia vya viwandani. Fanya jaribio hili hata kama kijitabu kimeandika uwiano. Meza mbili zinaweza kufanana kwa nje na zikatofautiana ndani, na jedwali la meza ya jirani halitakufaa.

Hesabu ni fupi: gawanya uwiano kwa idadi ya meno. Meno 36 kwenye meza ya 90 ni mizunguko 2 na nusu. Nusu hiyo utaipata kwenye sahani, nafasi 10 kwenye duara la matundu 20, au nafasi 9 kwenye duara la 18. Ukilitumia jedwali la 90 kwenye meza ya 72, kosa litajitangaza mapema: mizunguko 2 na nusu itakuwa digrii 12.5, na duara litakuwa limejaa ukiwa kwenye jino la 29.

Jambo la pili ndilo ninalotamani kila anayeanza kazi hii alishike. Makosa yote yaliyo kabla ya womu (tundu la sahani lililotobolewa pembeni kidogo, pini iliyolegea, sahani isiyokaa katikati) hugawanywa kwa uwiano kabla hayajafika kwenye kazi. Makosa yaliyo kwenye womu yenyewe au baada yake hayagawanywi na chochote. Tundu lililohama milimita 0.2 kwenye sahani yenye nusu kipenyo cha milimita 40 ni kosa la digrii 0.29 hivi kwenye hendeli. Ligawe kwa 90, linabaki digrii 0.003 kwenye meza, kiasi ambacho huwezi kukiona. Lakini womu ikicheza mbele na nyuma kwa milimita 0.05 tu, na gurudumu lake lina nusu kipenyo cha milimita 40, meza inahama digrii 0.07 nzima. Kwa hiyo unapotafuta mchawi, anza kwenye womu na kazi uliyofunga juu ya meza. Sahani iache mwisho.

Jino la mwisho ni nene mno, au limeliwa lote

Tubaki na gia yetu: meno 36, meza ya 90, duara la matundu 20. Kwenye duara hilo kila nafasi moja ni digrii 0.2 za meza, yaani 360 gawa kwa 90, kisha gawa kwa 20.

Fundi anatakiwa aruke nafasi 10. Akianza kuhesabu "moja" kwenye tundu ambalo pini tayari imekaa, ataruka nafasi 9 bila kujua. Kila hatua inakuwa digrii 9.8. Baada ya hatua 35 yuko kwenye digrii 343, na hadi jino la kwanza zimebaki digrii 17 pale palipotakiwa kubaki 10. Jino la mwisho linatoka nene, karibu lingetosha meno mawili. Akikosea upande wa pili, akaruka nafasi 11, kila hatua ni digrii 10.2. Anafika 357, na digrii 3 zilizobaki hazitoshi jino. Kisu kinalifuta.

Basi jino la mwisho likiwa nene, hatua zako ni fupi. Likiwa jembamba, hatua ni ndefu. Usiishie hapo. Pima ile ziada au upungufu, ugawe kwa idadi ya hatua ulizopiga, halafu ulinganishe na thamani ya nafasi moja. Hapo juu ziada ni digrii 7, ukigawa kwa 35 unapata 0.2, nafasi moja kamili kwa kila hatua. Jibu likikuangukia sawasawa hivyo, hakuna cha kufungua kwenye meza. Ni vidole vya kuhesabia vilivyopangwa vibaya.

Vidole vile viwili vinavyokaa juu ya sahani hupangwa kwa nafasi, si kwa matundu. Ukitaka nafasi 10, kati ya vidole yawepo matundu 11, likiwemo lile lenye pini. Vipange hivi: pini ikiwa ndani ya tundu, sogeza kidole cha nyuma kiiguse. Hesabu kumi kuanzia tundu linalofuata, weka kidole cha mbele baada ya la kumi, kisha kaza skrubu inayovishikamanisha. Ikaze kweli, maana ikilegea vidole vitajipanua kidogo kidogo na utapata kosa lisiloeleweka. Kila ukiingiza pini kwenye tundu jipya, zungusha vidole palepale mpaka cha nyuma kiiguse pini tena, na kisu usikisogeze kabla ya hapo. Anayeviacha akisema atavisogeza akishakata ndiye anayejikuta katikati ya gia hajui kama amevisogeza au bado.

Na plei? Plei haijikusanyi. Jino la kwanza likikosewa kwa plei ya digrii 0.1, la ishirini nalo litakosewa kwa si zaidi ya 0.1. Haiwezekani ikaongezeka hatua kwa hatua ikafika digrii 7. Ndiyo maana kukaza womu hakuondoi kosa la jino la mwisho.

Jino moja katikati ni jembamba, la mwisho nene kidogo

Hapa hatua zote ni sahihi isipokuwa moja. Mahali fulani pini iliingia tundu la kabla, au iligusa tu ukingo wa tundu bila kuzama, kisha ikateleza. Jino la mahali pale linapungua, mengine yote yanayofuata yanakuwa sawa, na upungufu uleule unajitokeza kama ziada kwenye jino la mwisho. Kwenye gia ya moduli 1 (moduli ni kipenyo cha duara la kati la meno kwa milimita, gawa kwa idadi ya meno) yenye meno 36, nafasi moja ya digrii 0.2 ni milimita 0.06 hivi kwenye duara la kati la meno. Vernia nzuri inaliona hilo ukipima meno mawili mawili kuzunguka gia.

Sababu kubwa ni chenga za chuma kwenye matundu na springi ya pini iliyochoka. Piga brashi sahani kabla ya kuanza, na usikilize pini ikizama: inatoa mlio wake wa kukaa. Isipolia, usikate.

Kinga ya dalili hizi mbili ni moja, nayo ni kuzunguka bila kukata. Leta kisu kiguse kipande kwa mkwaruzo mwepesi tu, alama inayoonekana kwa macho, halafu zungusha hatua zote 36. Hatua ya 36 ikikurudisha juu ya mkwaruzo wa kwanza, anza kazi. Isipokurudisha, hujaharibu kitu, na hesabu ya hapo juu itakuambia umekosea wapi. Kwenye gia ya meno mengi zoezi hili linakula muda, na mimi sioni sababu ya kuliruka, kwa kuwa kipande cha shaba au chuma kizuri kina bei kuliko muda huo.

Meno yanapishana: nene, jembamba, nene, jembamba

Hapa meza inazungumza waziwazi. Kosa linalorudi kila baada ya meno mawili linatoka kwenye kitu kinachorudi kila mzunguko wa hendeli, na kitu hicho ni womu.

Womu ikiwa imepinda kidogo, au kola inayoizuia kwenda mbele na nyuma ikiwa imekaa mshazari, meza inatangulia kidogo katika nusu moja ya mzunguko wa hendeli na kuchelewa katika nusu nyingine. Sasa angalia hatua yako. Meno 36 kwenye meza ya 72 ni mizunguko 2 kamili. Kila jino linakatwa womu ikiwa imesimama mahali palepale, kosa ni lilelile kwa meno yote, na gia inatoka safi kabisa. Meno 36 kwenye meza ya 90 ni mizunguko 2 na nusu. Jino hili linakatwa womu ikiwa upande wa kutangulia, linalofuata ikiwa upande wa kuchelewa, na yanapishana mpaka mwisho. Ukichonga meno 27 kwenye meza hiyohiyo ya 90, hatua ni mizunguko 3 na theluthi, na mpangilio utarudi kila baada ya meno matatu.

Hii ndiyo sababu mtu anaweza kusema meza yake ni nzuri, mwenzake akaiazima na kuirudisha akisema ni mbovu, na wote wawili wakawa wakweli. Mmoja alichonga namba zinazoangukia mizunguko kamili.

Kupima: toa hendeli na sahani, weka dayo geji (kipimo chenye mshale unaoonyesha msogeo mdogo) kwenye shafti ya womu karibu na beringi, zungusha taratibu, usome. Kisha weka ncha ya geji kwenye uso wa mwisho wa shafti na uisukume na kuivuta kwa mkono. Shafti isicheze mbele na nyuma hata kidogo kinachohisika. Ikicheza, kaza nati ya kola mpaka mchezo uishe lakini womu bado izunguke laini. Kola ikiwa na uso usio sawa, isugue kwenye kioo chenye msasa laini ukiizungushazungusha, au ikereze upya kwenye leti. Meza mpya za bei nafuu hufika na masalia ya mchanga wa kalibu na grisi nzito ya kuzuia kutu vikiwa vimechanganyika humo ndani. Mimi siitumii meza mpya kabla ya kuifungua yote, kuiosha kwa mafuta ya taa, kuondoa ncha kali kwa tupa laini, na kuipaka oili safi.

Upande mmoja meno ni marefu, upande wa pili mafupi

Kosa linarudi mara moja kwa mzunguko wa meza, kwa hiyo liko kwenye kazi au namna ulivyoifunga. Kipande hakizunguki katikati ya mhimili wa meza. Kikiwa pembeni kwa milimita 0.1, kina cha meno kitatofautiana kwa 0.2 kati ya upande na upande.

Chaki (kishikio cha kazi) ya taya tatu ndiyo mtuhumiwa wa kwanza, kwa sababu iliyotumika kidogo tu inaweza kuwa pembeni kwa kiasi hicho. Chaki ya taya nne zinazokazwa mojamoja inachukua muda zaidi, lakini unaweza kuisenta (kuiweka katikati) mpaka mshale wa geji usimame. Njia ninayoipenda kuliko zote ni mandreli, fimbo ya chuma inayoshika kipande kwa tundu lake la katikati. Ikereze, funga juu yake kipande chenye tundu linaloingia bila kulegea, kereza kipenyo cha nje kikiwa juu ya mandreli ileile, halafu hamishia mandreli nzima kwenye meza. Kisha weka geji kwenye kipenyo cha nje cha kipande chenyewe, si kwenye mandreli, uzungushe meza mara moja.

Meno yakiwa na kina kikubwa ncha moja na kidogo ncha nyingine, hilo ni jambo tofauti. Telistoki (tegemeo la ncha ya pili ya mandreli) na meza haviko kwenye kimo kimoja. Pitisha geji juu ya mandreli kutoka mwisho hadi mwisho, kisha ubavuni, na weka shimu (kipande chembamba cha bati) chini ya iliyo chini. Na meno yakiwa yameinama yote upande mmoja, kisu hakiko kwenye kimo cha mhimili. Chora mstari mwepesi kwa geji ya urefu kwenye uso wa mbele wa kipande, zungusha meza digrii 180, chora tena bila kubadilisha kimo. Ukiona mstari mmoja, hapo ndipo katikati. Ukiona miwili, umbali kati yao ni mara mbili ya kosa lako.

Duara la matundu ya bolti limehama, au ukubwa wake si sahihi

Wengi huziona hizi kama dalili moja, na hapo ndipo wanapozunguka siku nzima. Ni mbili.

Umbali kati ya matundu ukiwa sawa na kipenyo cha duara kikiwa sahihi, lakini duara lote limeegemea upande mmoja wa kipande, basi kipande hakikusentiwa kwenye meza. Duara likiwa katikati ya kipande lakini kubwa au dogo kuliko ulivyotaka, basi meza haikusentiwa chini ya spindo, shafti ya mashine inayoshika kisu.

Kwa hiyo kuna kazi mbili, na kila moja ina namna yake ya kushika geji. Kusenta meza chini ya spindo, geji hufungwa kwenye spindo na spindo ndiyo inayozungushwa kwa mkono, ncha ikipita ndani ya tundu la katikati ya meza. Mshale ukitulia pande zote nne, weka dayo za X na Y (mielekeo miwili ya mwendo wa kitanda cha mashine) kwenye sifuri, ufunge Y. Kusenta kipande juu ya meza, geji inatulia na meza ndiyo inayozungushwa. Ukichanganya haya mawili utakuwa unasogeza kipande kurekebisha kosa la meza. Anza na meza, malizia na kipande.

Kuna ahueni hapa. Ukitaka duara la nusu kipenyo cha milimita 30 na unasogea kwa X, kosa la 0.3 kwenye X linakupa 30.3, na kipenyo kinaongezeka 0.6. Kosa lilelile la 0.3 kwenye Y linakupa 30.0015, si kitu. Weka uangalifu wako kwenye mhimili unaosogea, na pia ukumbuke plei ya skrubu ya X: sogea daima kutoka upande uleule ulioweka nao sifuri.

Kisu kinanyakua meza unapozungusha kona

Unakata ukingo wa mviringo, ghafla meza inaruka mbele, kisu kinazama au kinakatika. Hapa ndipo plei ina hatia ya kweli. Kisu kikikata kwa kufuata mwendo wa kazi, kinaivuta meza, na meza inakimbia kiasi chote cha plei ya womu kabla hendeli haijaizuia. Kikikata kwa kupinga mwendo, kinaisukuma meza irudi kwenye womu, na plei haipati nafasi.

Kwa kisu cha kawaida kinachozunguka kama mishale ya saa ukitazama kutoka juu: unapokata ukingo wa nje, zungusha meza nayo kama mishale ya saa. Unapokata ukuta wa ndani wa duara, zungusha kinyume. Bandika hayo kwenye ukuta wa karakana kama inabidi.

Pamoja na hayo, funga meza nusu: kaza klampu zake mpaka hendeli iwe nzito kiasi, lakini bado izunguke. Kisha punguza plei yenyewe. Kwenye meza nyingi womu imekaa ndani ya bushi (bomba fupi) ambayo tundu lake haliko katikati, na ukilegeza skrubu ya kuifunga na kuizungusha bushi, womu inakaribia gurudumu. Karibia mpaka ushike, rudi nyuma kidogo, funga. Baada ya hapo zungusha meza mzunguko mzima kabla hujaridhika, kwa sababu ambayo utaiona kwenye dalili inayofuata.

Unapogawa bila kukata mviringo, plei haikusumbui ukishika kanuni moja: fika kila tundu kutoka upande uleule. Ukipitiliza, usirudi kwa tundu moja. Rudi nusu mzunguko wa hendeli, kisha uje mbele tena.

Hendeli inakuwa nzito mahali fulani

Hesabu inarudi lini. Ikiwa nzito mara moja kila mzunguko wa hendeli, ni womu iliyopinda au kola ya mshazari, rudi kwenye sehemu ya meno yanayopishana. Ikiwa nzito mara moja kila mzunguko wa meza, ni gurudumu: ama haliko katikati, ama limelika upande mmoja. Meza ya mitumba iliyofanya kazi ya robo duara miaka yote huwa imelika robo hiyo tu. Ukiikaza womu pale palipolika, itakwama pale palipo pazima. Irekebishe ukiwa kwenye sehemu ngumu kuliko zote, na uvumilie plei kwenye sehemu iliyolika, au utumie ile nzima kwa kazi ya maana. Ikiwa nzito bila mpangilio, chenga zimeingia kwenye womu. Ifungue uisafishe, usilazimishe, maana chenga moja ya chuma kigumu inaacha alama ya kudumu kwenye gurudumu. Chenga ziondoe kwa brashi, spindo ikiwa imesimama, na glavu usivae karibu na kisu.

Kila kitu ni sahihi, lakini ukifunga meza mshale unasogea

Funga kipande cha chuma kirefu juu ya meza, weka geji kwenye ncha yake, milimita 100 kutoka katikati. Kaza klampu moja, tazama. Kaza ya pili, tazama. Kwenye umbali huo milimita 0.03 ya mshale ni dakika moja ya pembe. Klampu chafu au yenye uso wa mshazari inaizungusha meza inapoikandamiza. Safisha nyuso zake, lainisha panapogusa, na kaza klampu zote mbili kidogo kidogo kwa kupokezana. Ukishindwa kuliondoa kosa lote, kaza kwa mpangilio na nguvu ileile kila hatua, ili kosa liwe sawa kwa meno yote.

Meza yenye mota inapoteza hesabu

Siku hizi wengi huweka mota ya hatua na Arduino (kompyuta ndogo ya kuiendesha) mahali pa sahani. Dalili ya jino la mwisho hurudi hapa kwa sura nyingine, nayo ni kukadiria namba. Mota ya hatua 200 ikigawanywa mara 8 ni hatua 1,600 kwa mzunguko, na kwenye meza ya 90 ni hatua 144,000 kwa duara zima. Ukitaka meno 127, kila jino ni hatua 1,133.86. Programu ikikadiria 1,134 na kurudia hivyo kila mara, inapofika mwisho imezidisha hatua 18, yaani digrii 0.045. Kwenye gia ya moduli 1 hiyo ni milimita 0.05 kwenye jino moja. Programu ihesabu kila mahali kuanzia sifuri: namba ya jino zidisha kwa 144,000, gawa kwa 127, ndipo ikadirie. Kosa halitazidi nusu ya hatua popote.

Kosa likiwa tofauti kila unaporudia kazi ileile, mota inaruka hatua. Punguza kasi ya kuanzia, angalia kama klampu imesahaulika ikiwa imekazwa, angalia kiunganishi kati ya mota na womu. Na umeme ukikatika katikati ya gia, mota haikumbuki ilipo. Andika kwa penseli namba ya jino kila unapokata, na weka alama ya sifuri kwenye shafti ya womu ili uweze kurudi. Sahani na pini havina shida hii, na kwa mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, hiyo ni hoja nzito ya kubaki na sahani.

Namba haipo kwenye sahani yoyote

Sahani za mtindo wa Brown & Sharpe zina matundu 15, 16, 17, 18, 19, 20, kisha 21, 23, 27, 29, 31, 33, kisha 37, 39, 41, 43, 47, 49. Kwenye uwiano wa 40 zinagawa kila namba hadi 50 na kukwama kwenye 51. Kwenye 90 namba 51 inawezekana, mzunguko 1 na nafasi 13 kwenye duara la 17, lakini 28 haiwezekani: inahitaji mizunguko 3 na sehemu 3 za 14, na hakuna duara linalogawanyika kwa 14. Kwenye 72 hiyo 28 ni rahisi, mizunguko 2 na nafasi 12 kwenye duara la 21. Kwa hiyo kabla ya kudhani umekosea hesabu, hakikisha namba yako inawezekana kwenye meza yako.

Isipowezekana, tengeneza sahani. Hapa ndipo ile kanuni ya kugawanywa kwa uwiano inakufanyia kazi nzuri ajabu. Chukua ile 127, gia inayohitajika kwenye leti ya zamani ya Uingereza yenye skrubu ya inchi ili ikate nyuzi za milimita, kwa sababu inchi 5 ni milimita 127 kamili. Chora duara lenye nukta 127 kwenye kompyuta, lichapishe, libandike kwenye bati nene, gonga alama kwenye kila nukta kwa mkono, toboa. Kwa nusu kipenyo cha milimita 70 nafasi kati ya nukta ni milimita 3.5 hivi, biti ya 2 inatosha. Matundu yatakuwa yamehama huku na huku, pengine milimita 0.3 mengine. Funga sahani hiyo kwenye hendeli ya meza ya 90, mizunguko 0 na nafasi 90 kila hatua, na uitumie kutoboa sahani ya pili ya matundu 127. Kosa la milimita 0.3 kwenye ya kwanza linafika kwenye ya pili likiwa milimita 0.003, ukiipa nusu kipenyo kilekile. Ya kwanza itupe, ya pili ndiyo ya kuchongea gia.